Lupu ya efekti kwenye ampu ya gitaa: namna ya kupanga viwango ili pedali isikwaruze na sauti isikonde

KambaSita (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Kuna lalamiko ambalo sisi wapiga gitaa tunalirudia sana. Pedali ya dilei (ile inayorudia sauti kama mwangwi) ikikaa mbele ya ampu inalia vizuri, ikihamishiwa kwenye lupu ya nyuma inakwaruza, au sauti inakonda, au ampu nzima inalegea. Hukumu inayofuata ni ileile: pedali mbovu, au lupu ya ampu hii haifai. Mimi niliwahi kuachana na dilei nzuri kabisa kwa hukumu hiyo. Nilielewa baadaye sana kwamba pedali haikuwa na kosa lolote, ilikuwa inalishwa mawimbi makubwa kuliko uwezo wake. Bado inaniuma, ndiyo maana leo naandika kwa kirefu.

Kwanza tujue lupu inakaa wapi. Ampu ya gitaa ina sehemu mbili. Kuna priampu, ambako ndiko kwenye gaini (kiasi cha kukuza mawimbi), besi, midi na trebo, na kuna pawaampu inayosukuma spika. Lupu ni mlango uliowekwa katikati. Sauti inatokea kwenye tundu lililoandikwa SEND, inapita kwenye pedali, inarudi kwenye tundu lililoandikwa RETURN. (Nitaziita sendi na ritani.) Si ampu zote zinaandika hivyo. Fender Hot Rod Deluxe, kwa mfano, imeandikwa PREAMP OUT na POWER AMP IN, lakini kazi ni ileile.

Tunaweka dilei na riverbu hapo kwa sababu distosheni (mkwaruzo wa makusudi) ya priampu inakuwa imeshamaliza kazi yake. Mwangwi unarudiwa jinsi ulivyo. Dilei ikikaa mbele ya priampu iliyojaa gaini, kila mwangwi unasagwa pamoja na noti mpya unayopiga, na mwisho wake ni uji. Wako wanaoupenda uji huo na ni haki yao, ila wengi tunataka noti ibaki noti.

Shida inaanza hapa: mawimbi yanayotoka kwenye sendi si mawimbi ya gitaa tena. Yamekuzwa. Viwango utakavyokutana navyo ni vitatu (dBu na dBV ni namna mbili za kutaja ukubwa wa volti kwa desibeli).

Kiwango cha gitaa, ambacho watengenezaji wengi wa pedali hukichukulia kuwa karibu −20 dBu. Hiyo ni kama volti 0.08. Ndicho pedali ndogo nyingi zimetengenezewa.

Kiwango cha −10 dBV, yaani volti 0.316.

Kiwango cha +4 dBu, yaani volti 1.23. Hiki ndicho cha vifaa vya studio na vile vya kufungwa kwenye raki.

Kutoka −20 dBu hadi +4 dBu ni desibeli 24, karibu mara 16 kwa volti. Sasa chukua pedali inayotumia volti 9. Ndani yake mawimbi yana nafasi ya kupanda na kushuka ndani ya hizo 9 tu, na chipu nyingi za kawaida haziwezi kufika ukingoni, kwa hiyo nafasi halisi ni volti 6 au 7 kutoka kilele hadi bonde. Toni tulivu ya +4 dBu inachukua volti 3.5 za nafasi hiyo. Utasema inatosha. Lakini gitaa si toni tulivu: ukipiga nyuzi kwa nguvu, kilele cha kwanza kinaweza kupita wastani kwa desibeli 10 au zaidi, na hiyo ni zaidi ya mara tatu. Volti 3.5 mara tatu imeshavuka 10, na pedali haina 10. Kilele kinakatwa, na mkwaruzo unaousikia ni huo.

Kwa −10 dBV hesabu ileile inakupa chini ya volti 3. Inaingia bila shida.

Namna ninavyopanga mimi ni hii. Ninachomoa kila kitu, ninaweka kebo moja fupi kutoka sendi hadi ritani. Ninaipanga ampu isikike ninavyotaka, hasa chaneli safi (isiyo na distosheni), kwa sauti ileile ninayopigia kwa kweli, siyo ya chumbani usiku. Hiyo ndiyo sauti yangu ya kulinganishia. Kisha ninaingiza pedali ikiwa imezimwa. Ikiwa sauti imebadilika hapo hapo, tatizo ni kebo au lupu yenyewe, kiwango cha pedali hakijaingia bado. Kisha ninaiwasha, nobu (kitufe cha kuzungusha) ya miksi, yaani kiasi cha efekti, ikiwa sifuri, na kusikiliza kama sauti kavu (isiyo na efekti) inatoka na ukubwa uleule. Ninapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) nzito kwa nguvu zangu zote. Ikikwaruza, ninashusha nobu ya sendi kwenye ampu mpaka mkwaruzo uishe, halafu nashusha kidogo tena. Ndipo ninapandisha nobu ya ritani mpaka ukubwa ulingane na wa kebo tupu. Mwisho kabisa ninaongeza miksi.

Mpangilio huo una sababu. Sendi inalinda pedali, ritani inarudisha kilichopunguzwa. Ukianza na ritani utapandisha sauti ambayo tayari imeshakatwa, na hakuna nobu duniani inayorudisha kilele kilichokatwa.

Usishushe sendi kupita kiasi pia. Kila pedali ina mvumo wake mdogo wa ndani, na ukiilisha kidogo mno utalazimika kupandisha ritani sana, na mvumo huo utapanda pamoja na muziki. Tafuta mahali ambapo pedali inakaribia kukwaruza lakini haifiki.

Jambo moja watu hulikosea, na nilitaka niliseme kwa mkazo: panga kwa chaneli safi. Tunadhani chaneli ya distosheni ndiyo itakayoizidi pedali kwa sababu masikioni ni kali zaidi. Distosheni imeshabana vilele vyake yenyewe, inatoka ikiwa bapa. Chaneli safi ndiyo yenye vilele virefu. Tena pedali ikikata vilele ndani ya distosheni huwezi kusikia, kwa kuwa mkwaruzo umejificha ndani ya mkwaruzo mwingine. Ukipanga kwa distosheni, utajiona umemaliza, halafu siku ya kupiga wimbo wa taratibu aibu inakukuta jukwaani.

Naomba michango yenu.


Mtulivu_G

Asante sana mkuu, umenifungua. Swali langu: ampu yangu haina nobu ya sendi wala ritani. Ina swichi moja tu nyuma, −10 na +4. Pedali zangu zote ni ndogo za volti 9. Kwa maelezo yako nichague −10, sivyo? Nimekuwa nikiiacha +4 muda wote kwa sababu sauti ilikuwa na nguvu zaidi.


KambaSita

Ndiyo mkuu, −10. Hiyo "nguvu" iliyokuwa inakuvutia chunguza vizuri. Kwenye baadhi ya ampu swichi inagusa upande mmoja tu wa lupu, kwa hiyo kuigeuza kunabadilisha ukubwa wa sauti, na sikio la binadamu siku zote hudhani kilicho kikubwa kidogo ndicho kizuri. Geuza swichi, halafu sawazisha ukubwa kwa masta (nobu ya sauti ya jumla ya ampu) kabla hujahukumu.

Na usishangae ukikuta swichi zenye namba nyingine. Roland JC-120 ina −20 na +4. Hapo −20 ndiyo ya pedali, inalingana kabisa na kiwango cha gitaa.


FundiVali

KambaSita umeeleza vizuri. Niongeze upande wa ndani ya ampu, maana huko ndiko ninakoshinda.

Ndani ya priampu ya vali (zile taa za kioo zinazokuza mawimbi) mawimbi yanaweza kufika makumi ya volti. Mtengenezaji wa lupu nzuri anayapunguza kabla ya sendi, kisha anaweka hatua nyingine ya kuyakuza baada ya ritani. Lupu ya namna hii ina bafa (hatua inayoyapa mawimbi nguvu ya kusukuma kebo), na sendi yake ina impidensi (ukinzani kwa mawimbi) ndogo. Lakini kuna ampu ambazo lupu yake ni matundu mawili tu yaliyopachikwa kwenye njia, bila bafa yoyote. Hizo ndizo zinazokondesha sauti hata pedali ikiwa imezimwa.

Sababu ni kebo. Kebo ya gitaa ina kapasitansi (tabia ya kuhifadhi chaji, inayomeza trebo), chukua kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Mita 3 kwenda na mita 3 kurudi, tayari ni pikofaradi 600. Sendi yenye impidensi ya omu 1,000 haiihisi kabisa: trebo itaanza kupungua kwenye kilohezi 265, sikio halifiki huko. Sendi isiyo na bafa, yenye omu 100,000, na kebo ileile, trebo inaanza kushuka kwenye kilohezi 2.65. Hapo ndipo ulipo uhai wote wa gitaa. Hakuna nobu itakayokutibia hilo. Dawa ni kebo fupi, na pedali ya kwanza kwenye lupu iwe yenye bafa inayofanya kazi hata ikiwa imezimwa.

Kwa hiyo kile kipimo cha KambaSita cha kuingiza pedali ikiwa imezimwa, msikiruke. Kinatenganisha magonjwa mawili ambayo dalili zake zinafanana.

Na tafadhali, kwa anayetamani kufungua ampu ya vali ajionee: ndani mna volti mia tatu hadi mia tano, na kapasita zinaweza kubaki na umeme hata ukishachomoa plagi. Yote tunayozungumzia hapa yanafanyika kwa matundu ya nje. Pia usiiwashe ampu ya vali bila spika, hata kwa kupima tu, utaua transfoma ya kutolea sauti.


Zeze_la_Jioni

Wakuu naomba msaada. Lupu yangu ina nobu iliyoandikwa MIX. Nimefuata hatua zote, sauti haikwaruzi, ila nikiweka nobu katikati gitaa linakuwa kama linapigwa ndani ya bomba. Nikishusha hadi sifuri linarudi kawaida. Nimebadilisha pedali mbili, zote ni hivyohivyo.


KambaSita

Dada (au kaka, nisamehe kama nimekosea), lupu yako ni sambamba. Nilizoeleza mwanzoni ni za mfululizo: sauti yote inapita kwenye pedali, hakuna njia nyingine. Ya kwako inaigawa sauti mara mbili, moja inaendelea moja kwa moja kwenye pawaampu, nyingine inapita kwenye pedali, na MIX inazichanganya.

Tatizo ni kwamba pedali nayo inatoa sauti kavu. Kwa hiyo una sauti kavu mbili. Kama pedali ni ya dijitali na inapitisha sauti kavu kwenye vibadilishi vyake (vinavyogeuza sauti kuwa namba na kuirudisha), ile ya pili inachelewa kidogo. Ikichelewa milisekunde 1 tu, zikikutana na ukubwa sawa, masafa ya hezi 500 yanafutana, halafu 1,500, halafu 2,500, na kuendelea. Hayo mashimo yaliyopangwa kama meno ya kitana ndiyo bomba unalolisikia. Na linakuwa baya zaidi nobu ikiwa katikati kwa sababu ndipo sauti mbili zinapolingana.

Iambie pedali isitoe sauti kavu. Miksi ya pedali iwe asilimia 100 efekti, na pedali nyingi za dijitali zina mpangilio maalum wa kuzima kavu. Baada ya hapo kiasi cha mwangwi unakipanga kwa MIX ya ampu, siyo ya pedali. Raha ya lupu ya namna hii ni kwamba sauti yako ya msingi haigusi pedali kabisa, na ukizidisha kidogo kiwango, utachafua mwangwi tu.


FundiVali

Kama baada ya hapo besi bado inapotea, kuna uwezekano pedali inageuza awamu, yaani wimbi linapopanda yenyewe inashuka. Pedali yenye swichi ya awamu inamaliza hilo mara moja.

Na usiweke ikwalaiza, tremolo, kompresa wala pedali ya volyumu kwenye lupu sambamba. Hazitafanya kazi yake, sauti kavu inazizunguka. Ukishusha pedali ya volyumu hadi sifuri gitaa litaendelea kulia.


Zeze_la_Jioni

Ni dada, asante kaka. Nimeweka asilimia 100, bomba limeondoka! Miezi yote hii nilikuwa nadhani ni spika.


Nyuzi_Chuma

Kwangu ni tofauti kidogo. Ampu inapungua sauti ghafla katikati ya wimbo, nikiipiga ngumi juu inarudi. Sina pedali yoyote kwenye lupu. Je, inahusiana na uzi huu?


FundiVali

Inahusiana sana, na nimefurahi umeuliza kabla hujaanza kununua vali mpya.

Ndani ya tundu la ritani kuna swichi ndogo ya bati. Usipochomeka kitu, swichi hiyo ndiyo inayounganisha priampu na pawaampu. Mtu asiyetumia lupu kwa miaka, bati linapata kutu na vumbi, mguso unakuwa wa kubahatisha. Chukua kebo fupi, unganisha sendi na ritani. Sauti ikitulia, umeupata ugonjwa. Chomeka na kuchomoa plagi kwenye ritani mara ishirini hivi ampu ikiwa imezimwa, ukipata dawa ya kusafishia miguso ya umeme iweke kwenye plagi, inatosha. Na uache kuipiga ngumi mkuu, vali hazipendi.


BaruaYaSauti

Naheshimu michango, ila naona tunafanya jambo dogo kuwa kubwa. Masikio yanatosha. Miaka yote nimepanga kwa kusikia, sijawahi kukokotoa dBu.


KambaSita

Mkuu hatupingani, hatua zangu zote pale juu ni za kusikia. Namba nilizileta ili mtu ajue anachokisikia ni nini. Lakini kuna mahali sikio linashindwa: pale ambapo masta ya ampu iko kabla ya lupu. Kwenye ampu hizo kiwango cha sendi kinapanda kila unapoongeza sauti. Unapanga nyumbani masta ikiwa 2, kila kitu safi. Unafika kwenye onyesho, unapandisha hadi 6, na pedali ileile inaanza kukwaruza. Sikio lilisema kweli nyumbani, hali ndiyo iliyobadilika.

Kujua ya kwako ni ipi, tazama taa ya kilele kwenye pedali kama inayo, au chomeka sendi kwenye kifaa chochote chenye mita. Zungusha masta. Mita ikipanda, masta iko kabla ya lupu, na itakubidi upange kwa sauti ya jukwaani. Mita isipocheza, iko baada ya lupu, panga hata usiku kwa sauti ndogo. Kipimo hichohicho kinakuonyesha nobu iliyoandikwa LEVEL tu ni ya sendi au ya ritani.

Anayetaka namba atumie multimita. Cheza toni ya hezi 400 kutoka kwenye simu, ishushe mpaka multimita isome volti 0.1 AC, iingize kwenye ampu chaneli safi, halafu pima kwenye sendi, ncha ya plagi na mwili wake. Spika ibaki imeunganishwa. Karibu 0.3 ni −10 dBV, karibu 1.2 ni +4 dBu. Angalieni multimita yenu iwe na kipimo cha AC cha volti 2. Zile ambazo AC yake inaanza kwenye 200 hazitaonyesha kitu cha maana. Gaini iwe chini: toni ikianza kukatwa na kuwa ya mraba, multimita za bei ya chini zinasoma zaidi ya ukweli kwa karibu asilimia 11.


BaruaYaSauti

Hilo la masta kabla ya lupu sikuwa nalijua. Linaeleza mambo mawili matatu yaliyonipata. Nakubali.


Mtulivu_G

Na kama sendi haina nobu, haina swichi, na iko juu mno?


KambaSita

Weka kipunguzaji, kiboksi kidogo chenye nobu moja, kati ya sendi na pedali ya kwanza. Ukitaka kurudisha ulichopunguza, pedali safi ya kukuza mwishoni kabla ya ritani. Kuna pedali zinazoruhusu volti 18, hizo nafasi yake inakaribia kuongezeka mara mbili, desibeli 6 hivi. Lakini soma maelekezo ya pedali kwanza: isiyoruhusu utaiunguza.

Kile kiboksi kina faida ya pili. Kikikaa peke yake kwenye lupu ya mfululizo ya ampu ambayo haina masta, kinageuka kuwa masta. Priampu inachemka, spika inanong'ona.


Nyuzi_Chuma

Fundi, kebo fupi imemaliza tatizo. Nimechomeka na kuchomoa kama ulivyosema, sasa hata bila kebo imetulia. Ila nimeunganisha kifaa cha raki kwenye lupu, kimeleta mvumo mzito. Kiwango kiko sawa, +4 kwa +4.


FundiVali

Huo si wa kiwango. Ampu ina waya wake wa ardhi, raki ina wake, na kebo za lupu zimefunga duara kati yake. Kwanza chomeka vyote viwili kwenye soketi moja. Usipotulia, tumia transfoma ya kutenganisha kwenye njia ya sauti. Kamwe usikate pini ya ardhi ya plagi, hiyo ndiyo inayokulinda wewe uliyeshika nyuzi za chuma.


Mtulivu_G

Mrejesho wakuu. Nimegeuza swichi kwenda −10, nimesawazisha masta, nimepiga kodi ya E kwa nguvu kwenye chaneli safi. Haikwaruzi. Nikapima kwa toni kama mlivyoelekeza: kwenye +4 sendi ilikuwa volti 1.4, kwenye −10 ni 0.36. Masta yangu iko baada ya lupu, mita haikucheza. Ile dilei niliyokuwa nimeiweka kabatini imerudi kwenye ubao wa pedali.